Kutoa Ni Moyo: Konea, Sheria na Jirani Anayesubiri Kuona

Upande wa Kalerwe ninakoishi hapa Kampala, yuko jirani yangu mmoja anayesuka viti vya matete kando ya barabara. Umri wake ni miaka 34. Alizaliwa na weupe mzito juu ya macho yote mawili, ule ambao wazee wa pwani huuita chamba cha jicho. Tangu azaliwe hajauona uso wa mama yake, ingawa mama huyo ndiye anayemletea matete kila wiki mpaka leo. Hata hivyo, usiwe mwepesi wa kumhurumia. Noti huzitambua kwa kuzipitisha vidoleni, wapita njia huwajua kwa mwendo wao, na viti vyake hununuliwa na watu wanaotoka hadi Ntinda.

Mwaka jana dada yake alimpeleka kwa daktari wa macho. Alimulikwa kwa taa, akapimwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, kisha akaambiwa jambo ambalo hakuwahi kuambiwa katika maisha yake yote: kwamba nyuma ya ule weupe, jicho lake la kulia lingali hai. Linapokea mwanga. Kinachokosekana ni konea safi, nayo haipatikani kwa fedha peke yake. Ni lazima itoke kwa mtu aliyefariki, ambaye yeye mwenyewe au jamaa zake wameridhia kuitoa. Jina lake likaandikwa, akarudi nyumbani kusubiri.

Jioni ile alinijia na swali. "Mwalimu," akasema, "nikifunguliwa macho, nitajuaje kwamba huyu aliyesimama mbele yangu ndiye mama, kabla hajasema neno?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku ile, na katika kulitafuta nimejifunza mambo ambayo naona kila raia wa nchi hii anastahili kuyajua. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Naamini kwamba kila siku tunazika kitu ambacho jirani zetu wanakihitaji ili waone, na hatufanyi hivyo kwa uchoyo, bali kwa sababu hatujaulizwa. Naamini pia kwamba siku tutakapoulizwa, tuulizwe kwa ukweli wote, ukiwamo ukweli kuhusu mipaka ya upasuaji wenyewe.

Dirisha lililozibwa

Konea ni utando angavu ulio mbele kabisa ya jicho, juu ya mboni na ule mduara wenye rangi. Unene wake katikati ni kama nusu milimita, na upana wake ni milimita 11 hadi 12 hivi. Ukilifananisha jicho na nyumba, konea ndiyo kioo cha dirisha. Haina mshipa wa damu hata mmoja, na hiyo ni sababu mojawapo ya uangavu wake. Hewa huipata kupitia machozi, na lishe huipata kutoka kwenye majimaji yaliyo ndani ya jicho.

Wengi wetu huchanganya ugonjwa wa konea na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi, ambayo imo ndani, nyuma ya mboni. Daktari huitoa lenzi hiyo na kuweka nyingine iliyotengenezwa kiwandani. Konea iliyoharibika ina shida yake ya pekee, kwa kuwa kwa wagonjwa walio wengi hubadilishwa kwa konea ya binadamu mwingine. Konea bandia zipo, lakini hutumika zaidi kwa wale ambao konea ya binadamu imekwisha kushindwa machoni mwao.

Nikiwa mwalimu wa lugha, siwezi kupita bila kutaja neno moja. Kwa Kiganda, mtu asiyeona huitwa omuzibe. Ukilisikiliza kwa sikio la Kiswahili, utakisikia ndani yake kitenzi chetu kuziba. Kwa jirani yangu neno hilo lina ukweli usio wa mafumbo: nyumba ina taa, ila dirisha limezibwa.

Dirisha hilo huzibwaje? Wapo wanaozaliwa hivyo kwa sababu sehemu ya mbele ya jicho haikuumbika ipasavyo tumboni, au kwa kurithi, au kwa sababu presha ya jicho ilianza mapema mno. Wengine walizaliwa na macho safi, wakapata makovu baadaye: kwa maambukizi wakati wa kuzaliwa, kwa surua iliyomkuta mtoto mwenye upungufu wa vitamini A, kwa trakoma, kwa kuchomwa na kijiti, au kwa dawa za majani zilizotiwa jichoni kwa nia njema. Haya ya kundi la pili kwa sehemu kubwa yanazuilika. Chanjo ya surua, matone ya vitamini A na ile marhamu ya tetrasaiklini anayopakwa mtoto machoni mara tu anapozaliwa, vyote ni vitu vya bei ndogo. Kinga ni bora kuliko tiba, na nisingependa msomaji yeyote adhani kwamba nasifu upasuaji ili tusahau chanjo. Lakini kinga haimsaidii aliyekwisha kuzaliwa na weupe huo. Kwake yeye njia iliyobaki ni ya kisu na ukarimu.

Kazi ya zaidi ya miaka mia moja

Upasuaji huu si jambo la majaribio, wala si uchawi wa jana. Tarehe 7 Desemba 1905, katika mji wa Olomouc ambao leo umo katika Jamhuri ya Cheki, daktari Eduard Zirm alimpasua kibarua aliyeitwa Alois Glogar, ambaye chokaa ilikuwa imemuunguza macho yote mawili. Konea ilitoka kwa mvulana wa miaka 11 ambaye jicho lake liliumia vibaya hata ikabidi litolewe. Kati ya macho mawili ya kibarua yule, moja lilikubali, naye akaweza kurudi kazini. Katika miaka ya 1930 daktari Vladimir Filatov wa Odessa aliuonyesha ulimwengu kwamba konea ya mtu aliyefariki inafaa vilevile. Mwaka 1944 daktari Townley Paton akaanzisha benki ya macho mjini New York, na kuanzia hapo ikawezekana konea kuhifadhiwa, kupimwa na kusafirishwa kwa mpangilio.

Kazi yenyewe inaelezeka kwa maneno machache. Daktari hukata kiduara cha konea iliyoharibika, chenye upana wa milimita saba au nane hivi, akaweka mahali pake kiduara kilichokatwa kutoka kwenye konea iliyotolewa. Kisha hukishona kwa uzi mwembamba kuliko unywele, akitazama kwa darubini. Nyuzi hizo zinaweza kukaa jichoni mwaka mzima au zaidi. Kwa kuwa konea haina damu, kwa kawaida hakuna haja ya kulinganisha kundi la damu la mtoaji na la mpokeaji, kama ifanyikavyo kwa figo. Lakini mwili unaweza kuikataa, hata baada ya miaka. Ndiyo maana mgonjwa hutiwa matone ya dawa kwa miezi mingi, na hutakiwa kurudi kliniki kila anapoitwa. Jicho likianza kuwa jekundu, kuuma au kuona ukungu, asingoje kesho.

Hapa ndipo ninapoomba tuwe wakweli. Mtu anayetoka kijijini kwa nauli ya kuazima, akapasuliwa, kisha akakosa fedha ya kununua matone au ya kurudi kliniki, anaweza kuipoteza konea ile ndani ya mwaka. Konea moja ikipotea kwa kukosa dawa, wamepotezwa watu wawili: aliyeipokea, na yule aliyekufa akitumaini kwamba itamfaa mtu.

Kuona ni somo

Nirudi kwenye swali la jirani yangu. Nimegundua kwamba swali lake ni la kale na limewasumbua wakubwa. Mwaka 1688 William Molyneux wa Dublin, ambaye mke wake mwenyewe alikuwa haoni, alimwandikia mwanafalsafa John Locke. Alimuuliza hivi: mtu aliyezaliwa haoni, akajua kwa vidole tofauti ya mchemraba na tufe, je, akifunguliwa macho atavitambua kwa kuvitazama tu, bila kuvigusa? Mfua matete wa Kalerwe hajasikia jina la Molyneux, lakini amelifikia swali lilelile, tena kwa namna iliyo ya kibinadamu zaidi. Yeye hakuulizia mchemraba. Aliuliza habari za mama yake.

Jibu limekuja polepole. Nchini India, mradi wa Prakash unaoongozwa na mwanasayansi Pawan Sinha umekuwa ukiwatibu watoto na vijana waliozaliwa hawaoni, na papo hapo kuchunguza jinsi wanavyojifunza kuona. Mwaka 2011 walitangaza matokeo ya vijana watano, wanne wenye mtoto wa jicho na mmoja mwenye weupe wa konea. Siku mbili tu baada ya upasuaji, hawakuweza kukitambua kwa macho kile walichokishika kwa mikono. Walikuwa kama wanaobahatisha. Baada ya siku chache walianza kuweza. Kwa hiyo jibu la mwanzo ni kwamba siku ya kwanza jirani yangu hatamjua mama yake kwa kumtazama. Ataisubiri sauti. Ila huenda akajifunza.

Nasema huenda, kwa sababu umri una neno lake. Ubongo wa mtoto mchanga hujenga njia za kuona katika miaka ya mwanzo, na jicho lisipouletea picha, njia nyingi hazijengwi. Mtu mzima aliyezaliwa na chamba kizito macho yote mawili anaweza kupandikizwa konea safi kama maji ya chemchemi, bado asisome gazeti maisha yake yote. Anaweza kupata mwanga, rangi, miondoko, umbo la mlango na la mtu anayemjia. Kwa asiyekuwa na kitu, hayo ni mengi. Kwa aliyeahidiwa kila kitu, ni machache mno.

Yako maelezo mashuhuri ya mwanasaikolojia Richard Gregory wa Uingereza, aliyoyachapisha mwaka 1963 pamoja na Jean Wallace. Yanamhusu mtu aliyetajwa kwa herufi S.B., aliyepoteza kuona akiwa na umri wa miezi kama kumi, akapandikizwa konea akiwa na miaka 52. Mtu huyo aliweza kusoma saa ya ukutani karibu mara moja, kwa kuwa miaka yote alikuwa akizigusa akrabu za saa yake ya mfukoni. Herufi kubwa alizisoma pia, maana shuleni alifundishwa kuzigusa. Lakini nyuso za watu hazikumwambia kitu. Barabara, ambayo alipokuwa haoni aliivuka kwa ujasiri na fimbo yake, sasa ilimtia hofu. Jioni alikuwa akikaa gizani bila kuwasha taa. Huzuni ikamwingia, na mwaka 1960 akafariki, chini ya miaka miwili baada ya upasuaji.

Sisimulii kisa hiki ili kuwakatisha tamaa wanaosubiri. Nakisimulia kwa sababu tumezoea hadithi za muujiza: bandeji inafunguliwa, mgonjwa analia kwa furaha, wimbo unapigwa, watazamaji wanatoa mchango. Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Kwa mtu wa aina hii methali hiyo tunaweza kuigeuza: kuona nako kunahitaji kuishi kwingi. Anahitaji mtu wa kumfundisha kwamba kivuli si shimo, na kwamba mtu anayekuwa mdogo machoni hasinyai, anakwenda mbali. Anahitaji mshauri, anahitaji familia iliyoandaliwa, na anahitaji ruhusa ya kuendelea kutumia fimbo yake bila kuambiwa kwamba hana shukrani.

Aidha, anahitaji haki ya kukataa. Nimesikia watu wakimwambia jirani yangu kwamba sasa atakuwa mtu kamili. Maneno hayo yanaudhi. Yeye ni mtu kamili leo hii, akiwa na chamba chake na viti vyake. Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 haikuandikwa kwa ajili ya watu wanaongoja kurekebishwa, bali kwa ajili ya raia wenye haki zao sasa. Upasuaji ni mlango anaoweza kuufungua akitaka. Usigeuke kuwa deni.

Sheria tunayo, mazungumzo hatuna

Baada ya hayo, msomaji makini ataniuliza: kama faida ni ya mashaka kwa mtu mzima aliyezaliwa hivyo, je, ni haki apewe konea moja iliyopatikana kwa shida, wakati yupo kijana aliyekuwa akiona vizuri hadi konea yake ilipoharibika akiwa sekondari, ambaye ubongo wake umekwisha kujifunza kuona? Swali hili ni gumu, na sitalizunguka. Madaktari hulazimika kupima nani atafaidika zaidi, na katika foleni ya haki huenda jirani yangu akatanguliwa na wengine. Nalikubali hilo, mradi foleni ipangwe kwa uhitaji na manufaa, isipangwe kwa fedha wala kwa kujuana. Lakini tazama ni nini kinacholifanya swali hilo kuwa la kikatili. Ni uhaba. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba watu milioni 12.7 duniani walikuwa wakisubiri konea, na kwamba kwa kila watu 70 wenye uhitaji, ilipatikana konea moja tu. Konea zikiwa za kutosha, hatutalazimika kumpima msuka viti na mwanafunzi kwenye mzani mmoja.

Je, konea za kutosha zinawezekana katika nchi isiyo tajiri? Mfano upo Sri Lanka. Daktari Hudson Silva alianza kuwahimiza wananchi wake watoe macho baada ya kufa. Mama yake alipofariki mwaka 1960, konea za mama huyo zilipandikizwa kwa mkulima maskini. Mwaka uliofuata ikaundwa jumuiya ya utoaji macho, na tangu hapo kisiwa kile kimetuma makumi ya maelfu ya konea katika nchi nyingi za dunia, zikiwamo zilizo tajiri kuliko chenyewe. Karibu nasi zaidi, Ethiopia ilianzisha benki yake ya macho mjini Addis Ababa mwaka 2003. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii tunaifundisha darasani kila mwaka, na wanafunzi wanaipatia alama zote. Sri Lanka wameitenda.

Hapa kwetu Uganda, mwaka 2023 ilipatikana Sheria ya Utoaji na Upandikizaji wa Viungo vya Binadamu. Imeunda baraza la kusimamia kazi hii, imeweka masharti ya ridhaa, na imepiga marufuku kuuza na kununua viungo. Desemba mwaka huohuo, hospitali ya taifa ya Mulago ikafanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo. Upasuaji wa konea nao umekwisha kufanyika nchini, lakini kwa kutegemea konea zilizoletwa kutoka ng'ambo. Madaktari wa macho wanafunzwa Makerere na Mbarara, na maofisa tabibu wa macho wanafunzwa Jinja. Kwa hiyo mikono ipo, na sheria ipo. Kinachosubiriwa ni sisi wananchi.

Niruhusu, msomaji, nikiri jambo langu. Baba yangu alifariki miaka sita iliyopita katika hospitali moja, kwa ugonjwa wa moyo. Macho yake yalikuwa mazima. Alikuwa akisoma Biblia yenye maandishi madogo kwa miwani ya bei rahisi. Hakuna muuguzi aliyetuuliza chochote. Wala sisi, watoto wake watano tuliosoma, hatukuwaza kuuliza. Tulikusanya mabugo, tukanunua jeneza zuri, tukamzika siku ya tatu. Baba alikuwa mtu wa kugawa. Shamba lake la migomba lilikuwa la kijiji kizima. Kama angeulizwa, najua angejibu nini. Sasa najua pia kwamba kuvaa miwani hakumzuii mtu kutoa konea, na uzee peke yake si kizuizi. Simlaumu yeyote. Naeleza tu jinsi kukosa kuulizwa kunavyofanya kazi: hakuna anayekataa, na bado hakuna kinachotolewa.

Hofu zetu

Hofu ya kwanza ni ya maiti. Katika mila zetu nyingi, marehemu hulazwa nyumbani usiku kucha, jamaa wakakesha naye na kuutazama uso wake mara ya mwisho. Watu huuliza: atazikwa akiwa na mashimo? La. Inayohitajika ni konea, ule utando mwembamba wa mbele. Kazi hiyo hufanywa na mtaalamu kwa muda mfupi, ndani ya saa chache baada ya kifo. Kope hufungwa, na uso hubaki kama ulivyokuwa. Mazishi hayacheleweshwi.

Hofu ya pili ni ya dini. Wako wanaosema kwamba atakayetoa jicho atafufuliwa haoni. Kwa Waislamu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililokutana Jeddah mwaka 1988 liliruhusu kupandikiza kiungo kutoka kwa maiti kwa masharti, likiwamo la ridhaa. Kwa Wakatoliki, Papa Yohane Paulo wa Pili alilitaja tendo hili kwa sifa katika waraka wake wa mwaka 1995 kuhusu uhai. Mimi si shehe wala kasisi. Namwomba kila msomaji amuulize wake, tena ahoji kwa adabu mpaka apate jibu lenye hoja.

Hofu ya tatu ndiyo nzito zaidi, na haifai kuchekwa. Hii ni nchi iliyoshuhudia watoto wakiuawa kwa kafara hata ikabidi itungwe sheria ya kuzuia uovu huo mwaka 2021. Mzazi aliyelala miaka mingi akiogopa kwamba mtoto wake ataibwa kwa ajili ya viungo, ukimwambia habari za kutoa macho, lazima ashtuke. Hofu hii haiondolewi kwa matangazo ya redio yenye muziki mtamu. Itaondolewa kwa uwazi: orodha ya wanaosubiri ikaguliwe, kila konea ijulikane ilikotoka na ilikokwenda, atakayenunua au kuuza ashtakiwe mbele ya macho yetu, na daktari anayemtibu mgonjwa asiwe yuleyule anayetaka konea yake. Imani hujengwa kwa matendo. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Tufanye nini?

Wizara na baraza la upandikizaji waifanye benki ya macho kuwa kazi ya lazima, si ndoto ya mikutano. Katika kila hospitali kubwa awepo mtu mmoja aliyefunzwa kuwauliza wafiwa kwa upole, na kuyapokea majibu yao yoyote yawayo, hata yakiwa la. Bajeti ya upasuaji ihesabu pia matone ya mwaka mzima, nauli za kurudi kliniki na mafunzo ya kuona. Bila hayo tutakuwa tunapanda mbegu tusiyoinywesha.

Wenyeviti wa mitaa, mashehe na wachungaji walizungumze jambo hili katika mikutano ya kawaida, kabla ya msiba. Saa ya kilio si saa ya kufundisha sheria. Nasi walimu tulipeleke darasani. Mwaka jana niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu mada ya mdahalo: je, mwili wa marehemu ni mali ya nani? Sijawahi kuona Kiswahili kikitoka vinywani mwao kwa nguvu namna ile, na wengine waliendelea na mjadala nyumbani. Mzazi mmoja alinipigia simu akiwa na hasira. Baada ya nusu saa alikuwa akiniuliza maswali.

Na wewe, ndugu msomaji, una kazi ya jioni moja tu. Waambie watu wako unachotaka kifanyike utakapoondoka. Ukitaka kutoa, waambie mbele ya mashahidi na uandike. Usipotaka, waambie vilevile, ili wasibabaike. Kukataa kwa kujua ni haki yako. Ninachokipinga ni kimya.

Mimi nimekwisha kumwambia mume wangu na ndugu zangu wanne. Mmoja alicheka, mmoja akalia kwa kumkumbuka baba. Wawili wakaomba muda wa kufikiri, na muda huo wanastahili kupewa.

Jirani yangu bado anasubiri. Wiki iliyopita nilimpelekea jibu nililolipata: kwamba siku ya kwanza hatamjua mama yake kwa macho, itambidi afumbe macho amsikilize, kisha ayafumbue amtazame, na arudie hivyo siku nyingi, na kwamba hata hivyo huenda asione yote anayoyatumaini. Alinyamaza kwa kitambo huku vidole vikiendelea kusuka. Kisha akauliza kama ni kweli kwamba konea hiyo itatoka kwa mtu aliyekufa. Nikamwambia ni kweli. "Basi," akasema, "nikifa mimi nao wachukue ile ya kwao wampe mwingine."

Sikujua kama jambo hilo linawezekana kitabibu, wala sikuona haja ya kumkatiza. Nilichojua ni kwamba mtu asiyewahi kuona amekwisha kuamua, na sisi tunaoona bado.